Deni la Barabara Hulipwa na Abiria

Barabara ya kulipia ya Nairobi inaanzia Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos. Ujenzi wa kilomita zake 27 hadi Westlands ulianza 2020, na kufikia Mei 2022 magari yalikuwa yakipita juu yake. Hapakuwa na muujiza: mwekezaji alikuja na fedha zake, na kwa miaka 27 anazirudisha kupitia ada za madereva. Lakini barabara zinazojengwa kwa kodi yetu hukwama kwa sababu serikali husaini mikataba mingi kuliko uwezo wa mfuko wake. Mkandarasi asipolipwa huondoa mitambo, riba huongezeka, kifusi hubaki kando ya njia, na mvua hubomoa tabaka lililokwisha kushindiliwa. Ndiyo maana mwaka 2025 serikali iliweka rehani shilingi 7 kati ya 25 za ushuru wa matengenezo ya barabara unaotozwa kwa kila lita ya mafuta, ili ipate shilingi bilioni 175 za kuwalipa wakandarasi. Mwendesha bodaboda wa Kangundo anayejaza tangi leo analipia madeni ya jana, huku mashimo ya kijijini kwake yakisubiri. Haba na haba hujaza kibaba, na ushuru huu ni haba za wananchi. Wabunge wetu wakatae mradi wowote mpya ambao fedha zake hazijatengwa, wenye ardhi hawajafidiwa, na mabomba ya maji na nguzo za umeme hazijahamishwa. Tumalize kwanza barabara tulizoanza.