Barua ya transferi haisemi mgonjwa apande nini

KANDO YA LUFIRA
Safu ya kila juma ya Ngoie wa Kasongo

Muuguzi wa Kapolowe-Mission akiandika barua ya transferi, hasahau kitu: jina, umri, ugonjwa, dawa zilizokwisha kutolewa, na mahali pa kwenda, Likasi au hospitali ya Sendwe kule Lubumbashi. Linalokosekana ni lile ambalo jamaa watabishania nje ya mlango: mgonjwa apande nini?

Sisemi juu ya dharura. Mama anayevuja damu achukue chochote chenye injini kinachoondoka sasa hivi. Nasema juu ya wale wengi ambao safari yao inajulikana tangu juma lililopita: nkambo, yaani babu au bibi, anayekwenda kupimwa macho, kijana wa kutolewa plasta, baba wa figo anayehitaji mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa juma, mama aliyewahi kupasuliwa na ambaye daktari hataki uchungu umkute kijijini. Hao wana muda, lakini tunawapakia kana kwamba nyumba inaungua.

Jamaa hupima mambo mawili, bei na heshima. Bei humleta manseba, dereva wa pikipiki ya abiria. Heshima huleta ombi la ambulansi, ili majirani waone kwamba mzee hakutupwa. Mwili wa mgonjwa haujaulizwa.

Tuuulize basi. Mtu mwenye moyo uliochoka, miguu imevimba, usiku hapati usingizi bila kuegemea mito mitatu, ukimlaza chali juu ya machela ya ambulansi unamkata pumzi, maana maji yaliyojaa mapafuni husambaa. Kiti cha mbele cha teksi, kimeegemezwa nusu, dirisha wazi, kinamfaa zaidi. Mama wa miezi minane naye asilazwe chali: tumbo hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Alale kwa ubavu wa kushoto, kwa hiyo anahitaji kiti kizima cha nyuma; nafasi ya nne kati ya magunia ya makala haimtoshi. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya kiuno njia nzima. Nimekwisha kuuona umetundikwa begani mwa manseba, mkojo ukirudi ndani pamoja na vijidudu vyake, na wote watatu juu ya pikipiki ile walikuwa wametulia kabisa.

Huo mtindo wa watatu ndio ninaougombeza kila mara: dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia. Kwa mtu mwenye nguvu za kujishika, safari fupi, sina neno. Lakini aliyepewa dawa za usingizi, aliyetoka kushonwa tumbo, aliyevunjika paja? Mikono ya ndugu haizuii shimo la barabara. Na kuanzia hapa hadi Likasi ni kilomita kama 30. Ukiingia barabara kuu unafuatana na malori ya shaba na kobalti, na wakati wa kiangazi mgonjwa wa pumu atameza vumbi lao lote.

Wavuvi wa ziwa Tshangalele wanajua jambo ambalo sisi wa nchi kavu tunalidharau. Aliyeumia mgongo kambini, wakimlaza juu ya ubao ndani ya mtumbwi asubuhi maji yakiwa yametulia, hufika ng'ambo bila kurushwa hata mara moja. Njia ya maji ni ya polepole, na kwa mfupa polepole ni dawa. Shida huanza anapopokelewa na pikipiki ufukweni. (Reli nayo ingeweza kusaidia, ilifika Kambove mwaka 1913 na ndiyo iliyotupa Kapolowe-Gare. Lakini leo huwezi kumpangia mgonjwa miadi kwa kutegemea treni.)

Ambulansi je? Wakubwa wanapenda kutoa ambulansi, kwa sababu inapigwa picha vizuri. Mafuta na mshahara wa dereva havipigwi picha. Hata ikiwa na mafuta, sikubali itumike kumpeleka mtu wa plasta mjini. Yeye anaweza kuketi, mguu umenyooshwa juu ya kiti. Ikiwa gari limekwenda naye, anayevuja damu jioni atabebwa na nini?

Tanzania wana mpango wa m-mama. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, na tangu 2022 umeenezwa nchi nzima. Ni wa dharura za akina mama na watoto wachanga, lakini namna yake inatufaa: mtu anapiga simu 115 bila malipo, aliye kituoni anauliza hali ya mgonjwa, na ambulansi isipokuwapo anaitwa dereva wa kawaida aliyeandikishwa, ambaye hulipwa kwa simu. Sisi tunazo M-Pesa na Airtel Money. Madereva wenye gari zima tunawafahamu kwa majina. Kamati ya afya ya kila eneo ingeweza kuandika orodha yao, ikapatana nao bei za Likasi na Lubumbashi, ikaibandika ukutani pa kituo cha afya. Na muuguzi angeongeza mstari mmoja katika barua yake: aketi, alale kwa ubavu, au aegemee, asipande pikipiki, asindikizwe na nani.

Bei hiyo iwe ya kwenda na kurudi, pamoja na saa za kungoja. Tukikosana, tunakosana hapo hasa. Dereva hulipwa kwenda tu, anageuza gari, na saa kumi jioni aliyeshonwa asubuhi anasimama kandokando ya barabara akinyooshea mkono kila gari linalopita. Afadhali kumlipa nusu asubuhi, na nusu atakapomshusha mgonjwa mlangoni pake.