Jenerali Mathews na Kalamu ya 1891

Kila mwanafunzi aliyesoma historia Unguja anaijua asubuhi ya Agosti 27, 1896. Manowari za Uingereza zilianza kupiga mizinga jumba la Sultani baada tu ya saa tatu, na kabla saa nne haijatimu kila kitu kilikuwa kimekwisha. Baadhi ya vitabu huhesabu dakika 38, vingine 45. Walimu wengi hulieleza jambo hili kama kioja. Darasa hucheka, na somo huishia hapo.

Hapana la kuchekesha. Katika jumba lile watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Isitoshe, jambo lililoamua vita vile lilikuwa limekwisha kutendeka miaka mitano kabla, bila ya mzinga kulia. Mwalimu anayetaka kulionyesha hana budi kuyafuata maisha ya mtu mmoja, Lloyd William Mathews.

Mathews alizaliwa mwaka 1850 huko Funchal, katika kisiwa cha Madeira, akaingia katika jeshi la maji la Uingereza angali mtoto. Alipigana vita vya Ashanti vya 1873 hadi 1874, na mwaka 1875 akapangiwa meli ya HMS London, iliyotia nanga Unguja kwa kazi ya kuzuia biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1877 Sultani Barghash bin Said alitaka jeshi la mtindo wa Ulaya, naye Luteni Mathews akapewa kazi ya kuliunda. Alianza na askari 300, na ilipofika 1880 walikuwa wapata 1,300. Mwaka uliofuata aliacha utumishi wa Uingereza, akawa Brigedia Jenerali wa Sultani.

Alikuwa mchapakazi, na hilo halina ubishi. Alikijua Kiswahili. Kapteni Brownrigg alipouawa na wafanyabiashara wa watumwa karibu na Pemba, Desemba 1881, ni Mathews aliyekwenda kuwasaka. Wapo wanaodhani kwamba kumwonea mtu kama huyu shaka ni chuki tu ya wakoloni. Lakini suala si tabia yake. Suala ni nani aliyekuwa na uwezo wa kumwuliza.

Jibu lilipatikana Oktoba 1891. Zanzibar ilikuwa imekwisha kutangazwa nchi ya himaya mwaka 1890. Balozi Mkuu wa Uingereza, Gerald Portal, aliitenga hazina ya nchi na mfuko wa Sultani, Sultani Ali bin Said akapangiwa posho maalumu, na idara za serikali zikawekwa chini ya Wazungu. Juu yao akawekwa Mathews, kwa cheo cha Waziri wa Kwanza. Hati zote zilimtaja kuwa mtumishi wa Sultani, na mshahara wake ulitoka katika mapato ya nchi hii. Hata hivyo Sultani hakuwa na uwezo wa kumwondoa. Mtumishi wa serikali anayesoma maneno haya atafahamu mara moja maana yake: bwana asiyeweza kumwachisha kazi mtumishi wake amebaki na jina la ubwana tu.

Ndipo ikaja Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, na Khalid bin Barghash akaingia jumbani bila idhini ya Waingereza. Mathews alisimama pamoja na Balozi Basil Cave na Admeri Rawson kumpinga. Askari wapatao 900 wa jeshi lile lile lililoundwa kwa amri ya Barghash walipangwa nje ya jumba, chini ya Luteni Raikes, dhidi ya mwana wa Barghash. Ndani na nje walikuwamo watu wa visiwa hivi. Jambo hilo ndilo lifaalo kuulizwa darasani, kabla ya hesabu ya dakika.

Watetezi wa Mathews hutaja kukomeshwa kwa utumwa. Ni kweli kwamba amri ya Aprili 6, 1897 ilitolewa na Sultani Hamoud bin Mohammed wakati Mathews akiwa Waziri. Lakini amri hiyo haikumwachia mtu huru kwa kauli moja. Ilimtaka mtumwa aende mahakamani kuomba. Ilimlipa fidia bwana, si yule aliyetumikishwa. Na aliyeachiwa alipaswa kuonyesha makazi na njia ya kujipatia riziki, ama sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hadi 1909. Serikali iliyaogopa mashamba ya karafuu kukosa watu kuliko ilivyowahurumia watu wenyewe.

Mathews alikufa kwa malaria hapa Unguja Oktoba 11, 1901, akazikwa kwa heshima za kijeshi. Robert Lyne, aliyekuwa mkuu wa kilimo Zanzibar, alimtungia kitabu mwaka 1936 akimwita mtume wa dola. Nafasi yake ilishikwa na Alexander Rogers. Mnamo 1913 na 1914 mambo ya Zanzibar yalipohamishiwa Wizara ya Makoloni, cheo cha Waziri wa Kwanza kiliunganishwa na cha Balozi Mkuu, na mwenye vyeo vyote viwili akaitwa Mkazi wa Uingereza. Hapakuwa tena na haja ya kumwita mtumishi wa Sultani.