Daftari na Viatu vya Mpira

Kabla hujamficha mwanao viatu vya mpira ili asome, itazame UCD ya Dublin, Ireland. Chuo hicho kilichipuka kutoka chuo kikuu cha Kikatoliki kilichofunguliwa mwaka 1854 chini ya Mtakatifu John Henry Newman. Timu yake, baadhi ya wachezaji wakisoma kwa ufadhili, ilitwaa Kombe la FAI mwaka 1984. Kisha Everton, mabingwa wa Kombe la Washindi Ulaya msimu huo, wakaifunga bao 1 tu katika mechi mbili! Wengi wakihitimu huondoka, klabu ikaanza upya. Kijana anayenyimwa mpira hucheza kwa kujificha, na uongo huingia nyumbani. Leo baada ya Misa muulize: mechi lini, mtihani lini?