Kasongo na Kabambare: Tisheti ya klabu ya rock ndani ya baloti, nani anakula faida?

Katika soko za Kasongo na Kabambare, tisheti nyeusi yenye herufi CBGB inahesabiwa sawa na ingine yoyote ya friperi. Mnunuzi anaangalia kama shingo haijalegea, anapatana bei, anaivaa. Lakini kule Marekani, kama ni ya zamani kweli, kuko watu wenye kuitafuta na kuilipia dola nyingi. Kwa nini nguo moja iko na bei mbili za mbali hivyo?

CBGB ilikuwa klabu ya muziki kwenye barabara ya Bowery, mjini New York. Hilly Kristal aliifungua mwaka wa 1973. Jina lake ni kifupi cha country, bluegrass na blues, lakini ilijulikana kwa rock: Ramones, Blondie, Talking Heads na Patti Smith walipiga muziki pale kabla dunia haijawajua sana. Ilifungwa mwezi wa 10, mwaka wa 2006. Mwaka wa 2008, John Varvatos, mwenye kubuni mitindo, akafungua butike ya nguo katika ukumbi uleule.

Mnunuzi wa kule analipia habari: tisheti ilitoka wapi, na miaka gani. Na mwenye kujua habari hiyo anapita mbele ya wengine. Nguo ambazo watu wa Ulaya na Marekani wanatoa zinapita kwanza kwa wachaguzi. Zile za zamani zenye jina zinawekwa kando kwa soko la bei kubwa. Zenye kubaki zinafungwa katika baloti na kupakiwa kwenye kontena.

Hadi kufika kusini mwa Maniema, baloti imepita bandari, ushuru, malori, pikipiki na barieri, na kila pahali bei inapanda. Mama muuzaji anainunua ikiwa imefungwa. Akikuta ndani nguo zilizopasuka, hasara ni yake peke yake, na mara nyingi mtaji wenyewe ni deni ao pesa ya likelemba.

Nguo za Marekani si mgeni katika eneo hili. Katika karne ya 19, misafara kutoka Zanzibar ilileta kitambaa cha merikani hadi Kasongo, mji wa Tippu Tip, na kitambaa hicho kilitumika kama pesa. Baadaye, kuanzia 1917, serikali ya Wabeleji ililazimisha wakulima kulima pamba, na Maniema ilikuwa kati ya maeneo ya kwanza. Mara zote mbili, bei ilipangwa mbali na watu wa hapa.

Kufunga mlango wa friperi nako kuko na gharama. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka wa 2016, na mwaka wa 2018 Marekani ikasimamisha nafasi ya nguo za Rwanda kuingia kwake bila ushuru. Kongo, iliyoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, inapashwa kuangalia mfano huo.

Muuzaji anaweza kufanya nini? Kwanza, kuchunguza. Tisheti nyingi za Marekani za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 ziko na mstari mmoja tu wa uzi kwenye pindo la mkono. Za kisha ziko na miwili. Lakini tahadhari: tisheti za CBGB zilichapishwa kwa wingi sana, hata kisha klabu kufungwa, na herufi peke yake si dhahabu.

Pili, na hii ndiyo yenye faida ya kila siku: wauzaji kununua kwa pamoja, na kuomba baloti ifunguliwe mbele yao kabla ya kulipa. Muuzaji mmoja akidai hivyo, atafukuzwa. Kumi wakidai pamoja, mwenye depo atafikiri mara mbili.