Daftari la Wiki: Likizo ya Mwezi wa Sita

Shule zimefungwa, na mtaani kwetu Temeke kelele za asubuhi zimebadilika. Honi za mabasi ya wanafunzi hazipo. Badala yake, tangu saa moja, mpira wa makaratasi unagonga mabati ya banda la kuku la jirani, na jirani mwenyewe ameshachoka kufoka. Mimi nimefurahi.

*

Kwenye nguzo ya umeme karibu na duka la mkaa limebandikwa tangazo: "Tamasha la familia, njoo na watoto." Muda wa kuanza ni saa tatu usiku. Mtoto wa miaka mitano saa hiyo amekwishalala, au anapaswa awe amelala. Waandaaji, sogezeni iwe saa tisa alasiri.

*

Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika. Iliwekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliopigwa risasi mwaka 1976 walipoandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana. Ni siku nzito. Nilikwenda kwenye sherehe moja na niliyoyaona bado yamenikaa rohoni. Watoto wa kikundi cha ngoma walipangwa juani tangu saa tatu asubuhi, wamefungwa njuga miguuni, wakimsubiri mgeni rasmi. Mgeni alifika saa sita kasoro. Hema lilikuwepo, lina viti vilivyovishwa vitambaa vyeupe na chupa za maji mezani, na muda wote huo lilikuwa tupu kwa sababu lilikuwa la meza kuu. Binti mmoja, sidhani kama ametimiza miaka minane, alivua kilemba chake akakitandika chini, akasimama juu yake, maana mchanga ulikuwa unamchoma nyayo. Walipoitwa hatimaye, walicheza dakika nne, kisha mshereheshaji akawaambia ratiba imebana.

Siku ya mtoto, mtoto akae hemani. Mgeni akichelewa, ngoma ianze. Atakuta watu wanacheza, na hakuna aibu yoyote hapo.

*

Kuhusu maspika. Nimeshaandika na nitaendelea kuandika. Wataalamu wa afya kazini humwekea mtu mzima mpaka wa desibeli 85 kwa saa nane. Kwenye bonanza la watoto Jumapili iliyopita maspika mawili makubwa kuliko friji yalielekezwa kwenye jumba la kupulizwa wanaporukia watoto, kama hatua sita hivi. Mama mmoja alikuwa amemziba masikio mwanawe kwa viganja huku mtoto akiruka. Nilimwendea fundi mitambo, nikamwomba, akapunguza, na akaniambia hakuna aliyewahi kumwomba. Basi tuombeni.

*

Tulipokuwa wadogo, mtoto akipotea Buguruni au Ilala swali la kwanza lilikuwa: mdundiko umepita njia ipi? Ngoma ile ya Wazaramo haikai mahali pamoja, inatembea, na sisi tulikuwa tunaifuata mtaa baada ya mtaa mpaka jua linazama na hatujui tulipo. Tulichapwa tukirudi. Kesho yake tunaifuata tena.

*

Sasa niseme lililonijaa wiki nzima.

Jumamosi nilimchukua mpwa wangu wa darasa la tano, anayekaa kwetu likizo hii, nikampeleka kwa mzee mmoja mitaa michache kutoka nyumbani. Mzee huyu anawamba ngoma. Nilikuwa nimempita barazani kwake miaka mingi nikidhani ni fundi seremala, kwa sababu ya magogo. Siku moja nikasimama kumsalimu, ndipo nikaona ngozi zimeanikwa uani.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kuangalia au umekuja kufanya kazi?"

Mtoto akanitazama mimi. Babu hakungoja jibu. Kwenye beseni kulikuwa na ngozi ya mbuzi aliyoiloweka tangu jana yake, imelainika kama kitambaa kilicholowa, bado ina manyoya. Aliitoa, akaikamua, akaifunika juu ya gogo la mwembe lililokwisha chongwa likawa na tundu katikati. Akaitoboa pembeni kwa ncha ya kisu, akaanza kupigilia vigingi vya mti, kimoja upande huu, kingine upande wa pili unaoelekeana nacho, wala si kwa kufuatana. Mpwa wangu aliuliza kwa nini anaruka. Babu akamwambia ukifuatana kama unavyokula muwa, ngozi inakwenda upande mmoja na ngoma haitasema kweli maisha yake yote.

"Shika hapa. Vuta. Usilegeze."

"Babu, inarudi kwako!"

"Na wewe ivute kwako. Tukivuta wote ndipo inakaza."

Walivuta mpaka mishipa ya shingo ya mtoto ikatokeza. Alipovuta pumzi akanigeukia: "Mjomba, kumbe ile methali ni kazi." Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Alikuwa ameijaza kwenye nafasi iliyoachwa wazi katika mtihani, akapata alama yake. Maana yake alifundishwa: mtu hupendelea upande wake. Lakini alikuwa hajawahi kuona ngozi ikivutwa, wala hakujua kuwa anayeitwa mwamba ngoma ni mtu mwenye mikono yenye sugu anayekaa nyuma ya soko.

Ile mpya iliachwa ikauke. Itakaa juani siku kadhaa, kisha manyoya yatanyolewa kwa wembe. Babu akatoa ngoma nyingine iliyokamilika, akampa apige. Ililia bu, kama mtu anayegonga gunia. Hewa ya pwani ina unyevu, na unyevu hulegeza ngozi. Akawasha makuti makavu, akaigeuza ngoma uso kwenye joto, akawa anaizungusha polepole huku anaigusa kwa kidole kila baada ya muda mfupi. Sauti ilipanda mbele ya masikio yetu. Alipoiondoa motoni akampa mtoto apige tena, na safari hii watu wa nyumba ya tatu walichungulia dirishani. Tulikaa pale mpaka adhana ya alasiri. Mpwa wangu alijifunza pigo moja tu, la mikono miwili, na kidole chake cha shahada kilivimba. Amekuwa akilipiga pigo hilo kwenye meza ya chakula tangu siku hiyo.

Ngoma ile imenikumbusha swali la zamani. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni na vijana, na akauliza ni wangapi kati yetu tunaoweza kucheza, au hata kuwahi kusikia, gombe sugu, kiduo, lelemama. Wazazi wetu walisomeshwa muziki wa wengine na wakaambiwa wao hawana wa kwao. Zaidi ya miaka 60 imepita. Wizara tumekuwa nazo kwa majina mbalimbali. Chuo cha sanaa kipo Bagamoyo tangu 1981, na pale alifundisha Hukwe Zawose, Mgogo aliyezunguka dunia na zeze na ilimba yake mpaka alipofariki 2003. Walimu tunao, na ngoma tunazo. Anayekosekana ni mtoto wa Temeke siku ya Jumamosi, kwa sababu hakuna mahali palipo karibu naye, pasipo na kiingilio, pa kukaa na mtu anayejua.

Tazama tunachompa badala yake. Cha kwanza ni tuisheni. Katazo la kufundisha wakati wa likizo limeshatolewa, na bado asubuhi nakutana na watoto wamebeba mabegi kuelekea kwenye chumba cha mtu, hamsini kwenye mabenchi ya kumi na watano. Cha pili ni bonanza, ambako mtoto analipiwa, anaruka, anapakwa rangi usoni, anakunywa soda, anarudi. Siwakatazi wazazi bonanza. Watoto wanafurahi na mimi hupeleka wa kwetu. Lakini katika siku nzima ya bonanza hakuna mtoto aliyeshika chombo cha muziki. Wanapigiwa muziki, tena mwingi ni singeli zilizotungwa kwa ajili ya watu wazima, kisha tunawapanga mashindano ya kukata viuno tukiwapiga picha. Hilo la mwisho linanikera kuliko yote na sitalinyamazia.

Na huku shule zimefungwa kwa kufuli. Pale kwetu kuna shule ya msingi yenye uwanja, miembe minne, mabomba ya maji na vyoo. Mwezi mzima ambao watoto hawana pa kwenda, ndio mwezi ambao geti halifunguliwi. Mlinzi yupo, analipwa, amekaa kivulini peke yake. Kinachotakiwa ni barua moja ya mwalimu mkuu na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Jumamosi nne, saa mbili asubuhi hadi saa sita, wazee wawili na mama mmoja anayejua nyimbo, na kitu kidogo cha kuwashukuru. Nimeshaongea na mwenyekiti. Hakunikatalia.

*

Katika kumpa mtoto chombo cha muziki Zanzibar wametuzidi, tukubali. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilianza 2002 Mji Mkongwe, na kwa miaka mingi aliyepita Mizingani karibu na bandari alisikia kanuni na udi zikitoka kwenye madirisha ya jengo la forodha ya zamani. Nimewahi kumwona pale mtoto wa kike, na sare ya shule bado mwilini, amekumbatia fidla kama anavyokumbatia mdogo wake. Mji ambao Nadi Ikhwan Safaa wanapiga taarab tangu 1905 unajua kwamba chombo hurithishwa kwa mkono.

*

Wazazi wenye gari na wasio na gari: Kijiji cha Makumbusho kipo palepale Kijitonyama, na mtoto anaingia ndani ya msonge wa Wahaya kwa miguu yake mwenyewe, akainama mlangoni kama inavyotakiwa. Nyumba ya Makumbusho ya Taifa ipo Mtaa wa Shaaban Robert, na fuvu la kale aliloliona Mary Leakey kule Olduvai mwaka 1959 ni la hapa, la nchi hii. Mpwa wangu alilitazama akauliza kama mwenye fuvu alikuwa na mama. Nilimwambia alikuwa naye.

*

Bembea ya kiwanja cha mtaa wetu imebaki na mnyororo mmoja tangu Machi.

*

Usiku wa Jumatano umeme ulikatika, na watoto wa nyumba tatu wakajikuta kwetu barazani. Nikawasimulia kuhusu kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania, jinsi sauti ya Debora Mwenda ilivyokuwa ikitukusanya wote, na jinsi kabla ya taarifa ya habari zilivyolia ngoma za Mzee Morris Nyunyusa, kipofu aliyepiga ngoma nyingi peke yake kwa wakati mmoja. Hawakuamini kwamba ni mtu mmoja. Mdogo kuliko wote akaniambia yeye anamjua Akili wa kwenye televisheni, yule wa hawa wa Ubongo, wanaotengeneza vipindi vyao hapahapa Dar es Salaam, na akatuimbia wimbo mzima wa kuhesabu bila kukosea. Nikampigia makofi kwa moyo wote. Kisha dada yake akatega kitendawili. Umeme uliporudi hakuna aliyeinuka.

*

Sabasaba inakaribia, na tarehe hiyohiyo, 7 Julai, ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani. Mkienda viwanjani Barabara ya Kilwa, mwandikieni mtoto namba ya simu kwenye karatasi, muitie mfukoni mwake, asije akapotea.

*

Jumamosi hii tunarudi kwa babu kunyoa ile ngozi. Mpwa wangu amewaalika wenzake watano, na ngoma iliyo tayari ni moja. Msomaji wa Temeke, kama ndani kwako kuna ngoma ya marehemu mzee imelala juu ya kabati, hata kama imepasuka, ilete. Ngozi tutaiweka.