Mistari Miwili ya Nyumbani



Juma lililopita, nikitoka kumtembelea mgonjwa, nilikuta mbuzi wakilishwa maharage machanga, yale yanayoliwa pamoja na ganda lake. Yalijaa debe zima, ya kijani kibichi na safi kabisa. Mama mwenye shamba alinieleza kwamba mnunuzi ameyakataa kwa kuwa yamenenepa kupita kipimo. Nikamwuliza, "Mama, na mchana huu mmekula nini?" Akainama, akajibu, "Ugali na chai ya rangi, Padre. Mboga hatukuwa nayo."

Jibu hilo limenikaa moyoni. Sisemi kwamba kuuza ni kosa. Ada za shule na bati za nyumba nyingi hapa kwetu zimetokana na zao hili. Kosa ni kuliona kama mali ya wageni. Tumezoea kuliita mboga ya Wazungu, nalo si la Wazungu. Asili yake ni bara la Amerika, ambako wenyeji walilima maharage kwa maelfu ya miaka kabla Ulaya haijayajua. Tena ni ndugu wa damu wa maharage tunayotia katika makande. Tofauti ni kwamba haya yalichaguliwa kwa ajili ya ganda laini lisilo na nyuzi.

Anayetegemea soko la mbali peke yake hujenga juu ya mchanga. Mwezi Aprili 2010 volkano ililipuka huko Iceland, majivu yakafunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na maharage ya wakulima wa Kenya yakakosa ndege. Mengi yaliishia kwa ng'ombe.

Bustani ya nyumbani si mzigo mkubwa. Chagueni aina fupi isiyotambaa, kwani haihitaji miti ya kuegemea. Changanyeni udongo na samadi iliyooza vizuri, mfukie mbegu moja moja kwa kina cha sentimita 3 hadi 5, mkiacha sentimita 10 kati ya mbegu na mbegu, na 30 au zaidi kati ya mistari. Kwa kawaida baada ya siku 50 hadi 60 mtakuwa mnachuma. Mstari wa pili upandwe wiki mbili baada ya wa kwanza, ili mboga isije yote kwa pamoja na kukoma kwa pamoja.

Mimi mwenyewe nilianza vibaya. Tuta langu la kwanza liligeuka njano, miche ikanyauka, nami nikalilaumu jua. Mzee mmoja aling'oa mche, akapasua shina karibu na udongo, akanionyesha buu wa inzi wa maharage. Inzi huyo hutaga katika majani machanga, na buu hushuka ndani ya shina hadi chini. Mzee akanifundisha kupanda mapema mvua zinapoanza, na kupandishia udongo kwenye mashina ili mche utoe mizizi mipya juu ya jeraha.

Jambo jingine ni kuchuma. Chumeni kila baada ya siku mbili au tatu, umande ukishakauka, maana kuyagusa majani yaliyolowa hueneza magonjwa. Mkiacha mbegu zikakomaa ndani ya ganda, mmea huona kazi yake imekwisha, nao huacha kutoa maua. Anayechuma mara kwa mara huzidi kupata. Anayesubiri ganda linenepe hupoteza yote mawili.

Na dawa je? Mwenye kupulizia na asubiri siku zilizoandikwa kwenye chupa kabla ya kuchuma. Mzigo unaokwenda Ulaya una viwango vyake vya masalia ya dawa, na ukivizidi hurudishwa. Sahani ya mtoto wako haina mkaguzi ila wewe.

Wapo watakaosema shamba ni dogo. Siombi shamba, naomba mistari miwili kando ya jiko, inayofikiwa na maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni nyingi. Mistari hiyo isipelekwe kwa mnunuzi, hata bei ikipanda. Iwe ya sufuria ya nyumbani, na kinachozidi kiende kwa jirani kabla ya kwenda kwa mbuzi.

Nawatakia Dominika njema.

Paroko wenu