Mbwa Akipanda Homa, Kadi ya Chanjo Itangulie

Mke na mume wa Kisumu wanaopenda kupanda milima wakiwa na mbwa wao hawana pa kwenda pengi. Mlima Kenya, Longonot na Elgon ina mbuga za taifa zinazosimamiwa na Shirika la Wanyamapori Kenya (KWS), na mbwa wa nyumbani haruhusiwi kuingia. Mbuga ya Taifa ya Ruma nayo ni vivyo hivyo. Eneo hilo la Bonde la Lambwe lilitengwa mwaka 1966 kumlinda korongo, swala ambaye Kenya nzima hapatikani tena porini ila huko. Mbwa akifika langoni, safari yake imeishia hapo.

Kwa hiyo wanaelekea kwenye vilima visivyo na lango: Riat na Kajulu juu ya jiji, Gembe karibu na Mbita, na zaidi ya vyote Homa, volkano ya kale iliyozimika na yenye kilele cha mita 1,751. Ziwa Victoria, lililo chini yake, liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo anayeanzia ufuoni hupanda zaidi ya mita 600. Njia ya gari ni kupitia Ahero, Katito na Kendu Bay. Wasio na gari watabembeleza sana, maana makanga wa matatu hapendi abiria wa miguu minne.

Kutokuwa na lango si kutokuwa na mwenyewe. Chini ya Homa kuna mashamba ya mahindi na mtama, maboma ya watu, mbuzi waliofungwa kando ya njia, na watoto wanaotumwa maji. Kwenye Kit Mikayi, yale majabali ya Seme, watu huenda kusali, wakiwemo waumini wa kanisa la Legio Maria. Got Ramogi kule Yimbo ndiko Wajaluo wanakosema wazee wao walikotua kwanza, na msitu wake ni wa heshima na wa dawa. Anayepita hapo na mbwa asiyeshikwa hajapanda mlima tu. Ameingia uani kwa watu bila kubisha hodi.

Hofu ya mwenyeji kwa mbwa mgeni ina msingi. Kichaa cha mbwa hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na Kenya peke yake makadirio ni kama 2,000. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na watoto huathirika sana. Dalili zikishaanza, mgonjwa haponi. Lakini kinga ipo tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa mwaka 1885, na Kenya ilizindua mwaka 2014 mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga mbwa marufuku vilimani. Hilo ni kukimbia kazi. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ule ambao Wangari Maathai aliupigania mwaka 1999, huruhusu mbwa mradi afungwe kamba, na familia nyingi hutembea humo bila ugomvi. Wengine nao huuliza: mbwa wa kijijini mbona wanazurura, wetu afungwe kwa nini? Jibu ni rahisi. Mbwa wa kijiji anajulikana, na analinda boma lake. Mgeni anayeletwa akaachiwa ndiye huanzisha vita, na mbuzi akifukuzwa hadi akavunjika mguu, hasara ni ya mwenye mbuzi.

Kamba humfaa mbwa mwenyewe pia. Kisumu na ufuo wake hupata joto la nyuzi 29 au 30 mchana, na mbwa hupoa hasa kwa kuhema, si kwa kutoka jasho kama binadamu. Waanze alfajiri, wabebe maji yake, washuke kabla ya radi za alasiri. Wakifika ziwani wasimwachie aingie majini, kwa sababu mamba na viboko wapo. Maji ya Simbi Nyaima, lile ziwa dogo karibu na Kendu Bay, yana magadi na hayanyweki. Na anayepita Lambwe akumbuke mbung'o, kwani hueneza ugonjwa wa nagana, unaoua mbwa kama unavyoua ng'ombe.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kijana wa kijiji akilipwa aongoze njia, na mama akauza chai na mandazi chini ya mlima, wapandaji watapokelewa hata wakija na mbwa wao.

Kaunti za Kisumu, Siaya na Homa Bay zisingoje Septemba 28, siku ya kupambana na kichaa cha mbwa duniani, ndipo zipeleke chanjo vijijini. Maafisa wa mifugo wafike wadi zote zilizo chini ya vilima hivi, wachanje mbwa wa wenyeji bila malipo, kisha wapandaji wadaiwe kadi ya chanjo na kamba. Nawe unayepanga kupanda mwishoni mwa juma, mpeleke mbwa kwa daktari wa mifugo kwanza, kisha mpigie mzee wa kijiji umwambie unakuja.